Mwongozo Kamili: Kumlea Mtoto Ambaye Ndugu Yake Ana Mtindio wa Ubongo

Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) na watoto wengine nyumbani. Nimekulia kwenye nyumba ya namna hiyo, mimi nikiwa dada mkubwa, na sasa nakutana na wazazi wengi wasiokosa kliniki wala mazoezi ya viungo, ila wanakwama kwa yule mtoto mwingine. Kila siku anaambiwa "mwangalie mdogo wako", lakini hajawahi kuelezwa mdogo wake ana nini.

Wengi wameshajaribu wakashindwa kwa sababu wameanza mwishoni. Wanampa mtoto kazi kabla ya maelezo, au wanamwapisha atunze ndugu yake maisha yote kabla hajajua hata jina la hali yenyewe. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Kama mtoto wako ana usonji au hali ya Down (Down syndrome), hatua nyingi zitakufaa vilevile. Hatua ya 4 ndiyo utakayobadilisha.

## Andaa hivi kwanza

- Jina la hali ya mtoto kama lilivyoandikwa hospitali. Kama kwenye kadi hakuna, rudi ukaombe uandikiwe.
- Kaunta buku moja na kalamu.
- Mtu mzima wa pili: baba, shangazi, bibi, mama mdogo, au jirani unayemwamini. Bila huyu, hatua ya 3 haitafanyika.
- Nusu saa mbili kwa wiki ambazo mtu huyo atashika zamu.
- Kijiko kidogo kisicho na kina, taulo mbili, na kiti au kona ya kumkalisha mtoto wima.
- Karatasi yenye namba za simu, ibandikwe ukutani kwenye usawa wa macho ya mtoto, si ya kwako.

## Hatua ya 1: Elewa wewe kwanza

Huwezi kueleza usichokielewa, na mtoto hugundua haraka mzazi anapobabaisha.

Mtindio wa ubongo hutokea pale ubongo unapodhurika ukiwa bado unakua: tumboni, wakati wa kujifungua, au miaka ya mwanzo ya maisha. Mtoto anaweza kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, alizaliwa kabla ya wakati, alipata manjano kali siku za mwanzo isitibiwe mapema, au aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani. Dhara lenyewe haliongezeki kadiri mtoto anavyokua, lakini misuli huweza kukaza zaidi asipofanyiwa mazoezi. Baadhi ya watoto hawa wana kifafa pia. Na wapo wanaoelewa kila kinachosemwa chumbani ingawa hawawezi kutamka neno.

Nenda kliniki na maswali manne yameandikwa: Hali hii inaitwaje? Kwa mtoto wangu, ilisababishwa na nini? Anaelewa kiasi gani? Kitu gani nyumbani ni hatari kwake? Andika majibu palepale. Dar es Salaam wazazi wengi hupitia hospitali za CCBRT au Muhimbili. Kwingineko anzia hospitali ya wilaya, uombe rufaa ya kitengo cha mazoezi ya viungo. Kenya kuna vituo vya EARC vinavyopima watoto kabla ya kuanza shule.

Onyo: Kama nyumbani kuna maelezo mawili, ya hospitali na ya kurogwa au laana ya ukoo, mtoto atashika lile linalotisha zaidi. Kaa kwanza na baba na bibi wa mtoto. Si lazima mkubaliane kwa kila kitu, ila mkubaliane kwamba mbele ya watoto litasemwa moja tu.

Umefanikiwa ukiweza kuieleza hali ya mtoto wako kwa sentensi tatu bila kushusha sauti.

## Hatua ya 2: Mweleze mtoto, kwa umri wake

Chagua muda ambao mikono yenu ina kazi: mnachambua mchele, mnakunja nguo, mnamenya viazi. Mtoto huuliza kwa urahisi zaidi akiwa hatazamwi usoni. Usimwite sebuleni na kumkalisha mbele yako, atadhani amekosea.

Kuna mambo matatu ambayo kila mtoto lazima ayasikie kutoka mdomoni mwako, hata kama hajauliza:

1. Wewe hukusababisha.
2. Haiambukizi. Mate, povu, chakula cha sahani moja, kulala kitanda kimoja: hakuna kinachoambukiza.
3. Kuna mambo hatayaweza, na kuna mambo atajifunza polepole.

La kwanza ndilo wazazi huliruka, kwa kuwa haliwaingii akilini. Mtoto mdogo anaamini mawazo yake yana nguvu. Kama aliwahi kumwonea wivu mtoto aliyekuwa tumboni, au alikataa kutumwa dukani siku mama alipoumwa uchungu, anaweza kubeba hilo miaka mingi bila kusema. Mwambie hata kama unaona hana wazo hilo.

Chini ya miaka 5. Maneno machache: "Ubongo wa mdogo wako uliumia alipozaliwa. Ndiyo maana miguu yake inakaza na hawezi kutembea. Wewe hukufanya kitu. Na wewe hutakuwa hivyo." Basi. Ataenda kucheza, kisha baada ya siku tatu atauliza tena kana kwamba hujasema lolote. Rudia vilevile.

Miaka 6 hadi 11. Hapa ongeza sababu: "Ubongo ndio unaotuma mikono na miguu. Mdogo wako alipokuwa anazaliwa alichelewa kupata hewa, sehemu ya ubongo ikaumia. Anataka kushika kikombe, ila ujumbe haufiki sawasawa." Jiandae kwa swali la "Atapona?" Jibu: "Ile sehemu iliyoumia haitarudi kama zamani. Mazoezi yanamsaidia akae vizuri na ashike vitu. Atafika wapi, tutaona anavyokua."

Miaka 12 na kuendelea. Mpe kadi ya kliniki aisome mwenyewe. Siku moja ya likizo mchukue mwende wote, na umwache aulize maswali yake kwa mtaalamu bila wewe kumjibia. Kijana wa umri huu ana swali ambalo hukuuliza wewe: je, na mimi nitazaa mtoto wa namna hii? Mara nyingi mtindio wa ubongo haurithiwi, lakini swali hilo apewe daktari anayejua historia ya familia yenu.

Onyo kuhusu maneno mawili. Usiseme ndugu yake ni "mgonjwa". Mgonjwa hupewa dawa akapona, kwa hiyo mtoto atasubiri kupona kusikokuja, na siku akipata homa yeye mwenyewe atalala akiogopa kuamka hawezi kutembea. Usiseme pia ni "malaika". Malaika hakosei, na ndugu huyu huvuta nywele, hurarua daftari na hulia usiku. Mwenye kuumizwa na malaika atamlalamikia nani?

Umefanikiwa pale mtoto anaporudi kuuliza swali gumu zaidi. Wazazi wengine hushtuka wakadhani maelezo yameharibu, kumbe mtoto ameona kwamba kwako swali hilo linaulizika.

## Hatua ya 3: Andika kazi zote, kisha uzigawe upya

Hii ndiyo hatua nzito kuliko zote, na ndiyo inayookoa masomo ya mtoto wa kike.

Fungua kaunta buku. Kwa siku mbili andika kila kazi inayofanywa kwa ajili ya mtoto mwenye mtindio, na aliyeifanya. Usiandike unavyodhani, andika ulivyoona. Kumwamsha, kumsafisha, kubadili nepi, kufua, kupika uji na kuuchuja, kumlisha (mlo mmoja unaweza kula saa nzima), dawa, mazoezi, kumbeba kwenda chooni, kumgeuza usiku, kumchezesha, kumsindikiza kliniki.

Kwenye nyumba nyingi jina la binti mkubwa litajirudia ukurasa mzima na la kaka yake halitaonekana. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Ilianza na "nishikie mdogo wako kidogo" na ikakaa.

Sasa gawa upya.

Kazi zinazofaa kwa mtoto: kucheza naye, kumsomea, kumfuta udenda, kuleta taulo, kusukuma kiti kwenye njia tambarare, kumlisha akiwa amefundishwa na mtu mzima yuko karibu.

Kazi za mtu mzima tu:

- Kupima dozi ya dawa ya kifafa. Dozi ikirukwa au ikizidishwa ina madhara, na mtoto hapaswi kubeba lawama hiyo.
- Kumnyanyua ndugu aliyekua. Mgongo wa mtoto wa miaka 10 huumia, na wote wawili wanaweza kuanguka.
- Kumwogesha na kumbadilisha nguo ndugu aliyebalehe, hasa wa jinsia nyingine. Hapa unalinda heshima ya wote wawili.
- Kukaa naye peke yao usiku, au mchana kutwa.

Kila kazi ya mtoto iwe na mwanzo na mwisho. "Mwangalie mdogo wako" haina mwisho. "Kaa naye toka saa kumi na moja mpaka baba arudi kutoka dukani, kisha uende mpirani" ina mwisho. Kaka apewe zamu sawa na dada. Akilalamika kwamba ni kazi ya wanawake, mwoneshe baba yake anavyofanya. Ndiyo maana baba lazima awe kwenye ratiba.

Shule haiguswi. Mtoto asibakizwe nyumbani siku ya kliniki wala siku dada wa kazi hakuja. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamhakikishia kila mtoto elimu pamoja na kucheza na kupumzika, na mtoto asiye na ulemavu hayumo nje ya "kila mtoto".

Ugumu utakaokutana nao: mtu mzima wa pili atachoka baada ya wiki chache. Usiirudishe zamu yake kwa mtoto kimyakimya. Punguza kazi nyingine ya nyumba kwanza. Nguo zikae siku moja zaidi bila kufuliwa.

Umefanikiwa ukimwuliza mtoto "zamu yako inaisha saa ngapi?" akakujibu bila kufikiri.

## Hatua ya 4: Mfundishe kwa vitendo

Mtoto aliyepewa kazi bila kufundishwa huishi na hofu kwamba atamuua ndugu yake. Mfundishe jambo moja kwa wakati, wewe ukiwa pembeni, mpaka mkono wake utulie.

Kulisha. Mkalishe mtoto wima, kiuno kimerudi nyuma kabisa, miguu imekanyaga kitu, kichwa kimeinama mbele kidogo. Taulo iliyokunjwa kila ubavu humzuia asilalie upande mmoja. Anayelisha akae mbele yake, macho usawa mmoja naye au chini kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea: wakilisha wamesimama, mtoto anainua uso kuwatazama, shingo inanyooka, na chakula kinaelekea njia ya hewa.

Uji uwe mzito wa kushika kwenye kijiko. Ulio majimaji sana hukimbia kabla mtoto hajajiandaa kumeza. Nusu kijiko, kiwekwe juu ya ulimi na kukandamiza kidogo, kisha subiri. Mfundishe mtoto kutazama koo la ndugu yake lipande na kushuka kabla ya kijiko kingine. Ndugu akikohoa, macho yakitoa machozi, au sauti ikiwa kama ina maji ndani, anayelisha aache kulisha na amwite mtu mzima. Asilishwe amelala, na asibanwe pua ili ameze.

Kifafa. Kama daktari amesema mtoto ana kifafa, ndugu zake wote wajue haya, hata wa miaka 6:

1. Ita mtu mzima kwa sauti.
2. Sogeza kila kinachoweza kumuumiza, weka nguo laini chini ya kichwa.
3. Mgeuze alale ubavu, mate yatoke.
4. Tazama saa.
5. Usimwekee kijiko, kitambaa wala kidole mdomoni. Usimkandamize. Usimpe maji mpaka azinduke kabisa.

Ikizidi dakika 5, au ikikoma na kurudi kabla hajazinduka, apelekwe hospitali haraka. Fanyeni mazoezi, mtoto mmoja akiigiza, mpaka kila mmoja ajue kazi yake. Na rudia tena kwamba povu la kifafa haliambukizi. Imani hiyo imewafanya watu wengi wasimsogelee anayehitaji kugeuzwa ubavu tu.

Kucheza. Usiliache hili. Ndugu wanaokutana kwenye kulishana na kufutana tu wanakuwa muuguzi na mgonjwa. Tafuta mchezo ambao mwenye mtindio anaweza kuudai mwenyewe kwa jicho, kwa kicheko au kwa mkono: kufunika uso na kanga na kufunua, kugonga sufuria kwa zamu, kuchagua kati ya vitu viwili vilivyoinuliwa mbele yake. Mdogo wangu alijibu "ndiyo" kwa kutazama juu. Sisi watoto tulilijua hilo kabla ya wakubwa, kwa sababu tulikuwa tunamwuliza nani ashinde.

Umefanikiwa ukiwasikia wanagombana. Ugomvi mdogo wa ndugu ni ishara kwamba wanaonana kama ndugu.

## Hatua ya 5: Nusu saa yake peke yake

Mara mbili kwa wiki, wewe na yule mtoto mwingine, nje ya chumba alipo ndugu yake. Tembeeni mpaka gengeni na kurudi, au kaeni barazani. Mazungumzo yasihusu mdogo wake isipokuwa yeye aanzishe. Usiivunje kwa sababu siku imekuwa ngumu. Siku ngumu ndiyo anayoihitaji zaidi.

## Hatua ya 6: Mfanyie mazoezi ya maneno ya mtaani

Mtoto ataulizwa maswali kisimani, kwenye daladala na darasani, wewe haupo. Asipokuwa na jibu atanyamaza, atapigana, au ataacha kuleta marafiki nyumbani. Mpe majibu matatu na myarudie mpaka yatoke yenyewe.

Kwa anayeuliza kwa nia njema: "Ana mtindio wa ubongo. Misuli yake inakaza. Haiambukizi, njoo umsalimie."

Kwa mtu mzima anayesema maneno ya kuumiza: "Shikamoo. Mama amesema ukitaka kujua zaidi umwulize yeye." Mtoto hawezi kujibizana na mkubwa, kwa hiyo mzigo huo urudi kwako kwa heshima. Na ukija kuulizwa, jibu kweli.

Kwa wanaomcheka: "Huyo ni mdogo wangu," kisha aondoke. Hana wajibu wa kumfundisha kila mtu. Wakiendelea akuambie, uende mwenyewe kwa mzazi mwenzio au kwa mwalimu wa darasa.

Onyo: usimlazimishe kwenda na ndugu yake kila anapocheza ili "asione aibu". Aibu hupungua mtoto anapokuwa na majibu na anapokuwa na nafasi ya kwenda peke yake pia.

## Hatua ya 7: Pokea hasira na wivu, na mchunguze aliye kimya

Siku moja atasema "Namchukia," au "Kwa nini asingezaliwa tu?" Usimpige wala usimkumbushe kumshukuru Mungu kwa miguu yake. Mjibu: "Leo imekuwa ngumu. Niambie imekuaje." Nyuma ya maneno hayo mara nyingi kuna jambo dogo la wazi: daftari limeraruliwa, hukuja kwenye kikao cha wazazi, pesa ya safari ya shule imenunua dawa. Lile linaloweza kurekebishwa, rekebisha. Lisilowezekana, kubali mbele yake kwamba linauma.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni yule ambaye wazazi humsifu wakisema "huyu hana shida kabisa". Haombi kitu, hakosei, anaficha homa yake ili asiongeze mzigo. Mtazame kwa karibu ukiona haya: tumbo au kichwa kinauma kila asubuhi ya shule, amerudi kukojoa kitandani, alama zimeshuka ghafla au anajitesa awe wa kwanza kila mtihani, hacheki, hataki kutoka nyumbani kwa kuhofia mdogo wake atadhurika.

Kwanza mpunguzie kazi, pili mwongezee nusu saa. Isipobadilika, zungumza na mwalimu wa unasihi shuleni au afisa ustawi wa jamii wa kata. Mtoto mwenyewe, au wewe, mnaweza kupiga 116 bure, Tanzania na Kenya, ni simu ya kusaidia watoto. Iandike kwenye ile karatasi ya ukutani. Akisema anataka kufa au kujiumiza, usisubiri, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Andika mpango wa baadaye, bila kumwapisha

Watoto hujiuliza mapema sana: mama akifa, nani? Wakikosa jibu hujijibu wenyewe, na wapo mabinti wanaokataa chuo cha mbali au uchumba kwa sababu hiyo bila kumweleza yeyote.

Usiseme "niahidi utamtunza mdogo wako". Mtoto hawezi kukataa ahadi hiyo, na asiyeweza kukataa hajakubali. Mwambie: "Kumpangia mdogo wako ni kazi yetu wazazi. Ukiwa mtu mzima utachagua utasaidia kwa namna gani."

Kisha panga kweli. Kwenye kurasa za mwisho za kaunta buku andika: anavyolishwa na asichoweza kumeza, dawa, dozi na saa zake, hospitali na namba ya faili, anavyosema ndiyo na hapana, kinachomtuliza, watu wazima wawili waliokubali, kwa midomo yao, kushika nafasi yako, na mali au akiba iliyotengwa kwa ajili yake. Kama kuna shamba au nyumba, wosia uandikwe mbele ya mashahidi au kwa wakili, kwa sababu baada ya msiba mtoto asiyeweza kusema haki yake hupotea haraka.

Kijana aliyefikisha miaka 15 au 16 msomee kurasa hizo na umwachie aulize au aongeze. Mara nyingi anajua kitu ambacho wewe hukuandika. Nakala moja iache kwa mmoja wa wale watu wazima wawili, na upitie zote kila Januari, kwa kuwa uzito wa mtoto hubadilika na dozi hubadilika nao.